Gongi ya Wachina: chombo cha muziki, lakini kwanza chombo cha amri

Kwenye bokse, kila mtu anajua kazi ya gongi. Ikilia, mwenye kurusha ngumi anashusha mikono, hata kama adui wake amekwisha kuegemea kamba. Mara nyingi ile ya bokse ni kengele tu, lakini watu wanaiita gongi na hawakosei sana. Huko Uchina, watu waliokuwa wanapigana walisimamishwa kwa sauti ya shaba tangu zaidi ya miaka 2.000 iliyopita.

Neno gongi lenyewe si la Kichina. Wazungu walilichukua kwa watu wa visiwa vya Asia ya kusini-mashariki, wenye kusema Kimalei na Kijava, na kwao ni neno linaloigiza sauti ya chombo. Wachina wao wanasema luo. Alama wanayotumia kwa kuandika luo iko na sehemu mbili: moja inaonyesha kwamba ni kitu cha madini, ingine inaonyesha namna ya kulitamka. Katika Kiswahili cha vitabu kuna neno upatu, ambalo wakristo wengi wanalisikia pale Paulo anapowaandikia Wakorinto juu ya upendo. Hapa itabaki gongi, kwa sababu ndilo neno linalosikika mtaani.

Gongi ya Kichina ni sahani ya shaba ya mviringo ambayo ukingo wake umekunjwa kwa nyuma. Haina ulimi ndani sawa kengele ya kanisa. Inapigwa kwa nje, mara nyingi kwa kijiti chenye kichwa kilichofungwa kitambaa. Mtu anaweza kufikiri iko ndugu ya ile jante ya lori inayoning'inizwa chini ya mti kwenye shule nyingi za Kongo. Kwa kazi ya kuita watu, ndiyo, ni ndugu. Kwa sauti, hapana. Kengele inatetemeka zaidi kwenye ukingo na juu inatulia. Gongi ni kinyume: inatetemeka zaidi katikati, na ukingo unatulia. Ndiyo maana unaweza kutoboa tundu mbili kwenye ukingo, kupitisha kamba, kuishika mkononi, na sauti haifi.

Ilitoka wapi

Wachina walikuwa wafundi wakubwa wa shaba tangu zamani sana, lakini kwa karne nyingi walitengeneza kengele, hapana gongi. Gongi ya zamani kuliko zote inayojulikana katika inchi ile ilifukuliwa mwaka wa 1976 ndani ya kaburi la Luobowan, jimbo la Guangxi, kusini kabisa, upande wa mpaka na Vietnam. Kaburi lile ni la mwanzo wa utawala wa Han, karibu miaka 2.100 na kitu iliyopita. Ndani yake mlikuwa pia ngoma za shaba, vyombo vya watu wa kusini ambao wakati ule hawakuhesabiwa kuwa Wachina kamili. Kwa upande wa kaskazini, maandishi yanaanza kuongea juu ya gongi katika mambo ya karne ya 6, na yanaitaja pamoja na muziki wa wageni uliopendwa kwenye nyumba ya mfalme.

Basi chombo ambacho leo dunia nzima inakiona kuwa alama ya Uchina kiliingia kwa mlango wa nyuma, kutoka kwa majirani waliokuwa wanadharauliwa. Jambo hilo si la ajabu kwa mtu anayejua historia ya muziki, popote pale.

Ngoma inasema endelea, shaba inasema rudi

Kazi inayokumbukwa zaidi ni ile ya vita. Kitabu cha vita ambacho Wachina wanakihesabu kuwa cha Sun Zi kinaeleza jambo rahisi: katika mapigano sauti ya mtu haisikiki, ndiyo sababu jeshi linatumia ngoma na shaba, macho hayaoni mbali, ndiyo sababu linatumia bendera. Mwalimu Xunzi, wa karne ya 3 mbele ya Yesu, anaonyesha mgawanyo wa kazi: askari akisikia ngoma anaenda mbele, akisikia shaba anarudi nyuma.

Ile shaba ya wakati wa Sun Zi na Xunzi haikuwa bado gongi yenyewe. Ilikuwa aina ya kengele yenye mkono, inayopigwa kwa nje. Lakini gongi ilipokuja, ilichukua nafasi ile, kwa sababu inasikika mbali na ni rahisi kubeba. Mpaka leo Wachina wako na msemo wenye maana ya "kuliza shaba na kurudisha askari". Wanautumia hata kwa mambo ya biashara, mtu akiona ni heri kuacha kazi fulani mbele hajaanguka kabisa.

Ni vizuri kufikiria uzito wa amri hiyo. Ngoma inasukuma watu kwenda kufa. Gongi ndiyo inawaambia: imetosha. Askari ambaye alirudi mbele gongi haijalia alikuwa mtoro, na adhabu yake inajulikana. Aliyerudi baada ya gongi alikuwa mtu mwenye kutii. Tofauti ya hao wawili ni pigo moja la kijiti, na aliyeshika kijiti alikuwa anasubiri neno la mkubwa.

Sauti ya barabara

Kutoka vitani gongi iliingia mjini. Mkubwa wa serikali akitoka nyumbani kwake, watu wa mbele walikuwa wanapiga gongi ili wakaaji waache barabara wazi. Hesabu ya mapigo ilifuata cheo: hakimu wa wilaya hakupigiwa sawa gavana. Mtu aliyekuwa ndani ya nyumba, bila kuchungulia, alijua ni mzito gani anapita. Ni siréne ya zamani, kwa kusema kweli, na bila shaka watu walinung'unika namna ileile.

Usiku, kazi ilikuwa ya mlinzi wa saa. Wachina waligawanya usiku kwa vipande vitano, kila kimoja karibu saa mbili, na mlinzi alitembea mitaani na kipande cha mianzi na gongi ndogo, akitangaza kipande kilichofika na kuonya watu juu ya moto. Vijijini, mkubwa wa kijiji akitaka watu wakusanyike au akitaka kutangaza habari, alituma mtu apite na gongi, apige, asimame, aseme, aendelee. Ile ndiyo ilikuwa redio ya mtaa.

Wafanyabiashara wadogo nao hawakubaki nyuma. Kuna aina ya gongi ndogo ambayo jina lake maana yake ni "gongi ya sukari", juu ya wauza pipi waliokuwa wanaipiga ili watoto wakimbie nje. Wenye kuchezesha nyani barabarani nao walikuwa na yao.

Na mbingu vilevile. Jua au mwezi ukipatwa, hadithi ya Wachina ilisema kwamba kuna imbwa wa mbinguni anakula mwanga. Watu walitoka na gongi, ngoma, masufuria, chochote chenye kelele, ili imbwa aogope na kutapika alichomeza. Wataalamu wa nyota wa mfalme walikuwa wanajua kuhesabu siku za kupatwa kwa jua tangu zamani, lakini kelele iliendelea tu. Kila mara imbwa alitapika, basi dawa ilionekana kuwa nzuri.

Pale gongi inapogeuka fimbo

Chombo kinachotoa amri kinaweza kutoa pia aibu. Mwaka wa 1927 Mao Zedong aliandika ripoti juu ya wakulima wa Hunan waliowaasi wenye mashamba. Katika ripoti hiyo anaeleza namna wakulima walivyowavalisha mabwana wale kofia ndefu za karatasi na kuwazungusha kijijini, gongi zikilia na bendera zikipepea. Miaka 40 nyuma ya hapo, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni kati ya 1966 na 1976, mtindo ule ulirudi kwa ukali zaidi. Walimu, viongozi, hata wasanii waliotuhumiwa walitembezwa barabarani mbele ya watu, na wengine walilazimishwa kubeba gongi wao wenyewe, kuipiga na kutangaza makosa yao kwa mdomo wao. Ile gongi iliyokuwa inafungua njia kwa mkubwa, sasa inamfungulia njia ya matusi.

Katikati ya tarehe hizo mbili kuna jambo lingine ambalo wazee wa Uchina hawalisahau. Mwaka wa 1958 serikali ilitangaza vita juu ya viumbe vinne: panya, nzi, mbu na shomoro. Shomoro waliingizwa kwa sababu wanakula nafaka. Mwezi wa Aprili, huko Beijing, kwa siku tatu wakaaji walipanda juu ya nyumba, wakajaa kwenye viwanja, wakapiga gongi, ngoma na masufuria bila kupumzika, ili ndege wasipate pa kutua. Shomoro wakaruka mpaka nguvu ikaisha, wakaanguka. Jambo ambalo wataalamu wengine walijua, lakini halikusikilizwa, ni kwamba shomoro wanakula pia wadudu. Wadudu wakaongezeka mashambani. Njaa kubwa iliyofuata, kutoka 1959 mpaka 1961, ilitokana zaidi na siasa ya kilimo ya wakati ule na nafaka iliyochukuliwa kwa nguvu mikononi mwa wakulima. Mambo ya shomoro yaliongeza tu mzigo juu ya mzigo. Mwaka wa 1960 jina la shomoro lilifutwa kwenye orodha na kuwekwa kunguni. Gongi zilikuwa zimetii amri sawasawa. Kosa halikuwa la shaba.

Ndani ya opera

Mahali ambapo gongi ilipata akili nyingi kuliko pote ni kwenye opera ya Beijing. Aina hii ya mchezo, wenye kuimba, kusema, kucheza na kupigana kwa pamoja, ilianza kujengwa mwaka wa 1790, wakati makundi ya wasanii kutoka jimbo la Anhui yalipofika Beijing kwa sikukuu ya miaka 80 ya mfalme Qianlong. Tangu 2010 iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni.

Pembeni ya jukwaa wanakaa watu wanne wa vyombo vya kupiga: mwenye ngoma ndogo kavu, mwenye gongi kubwa, mwenye gongi ndogo na mwenye matoazi. Mwenye ngoma ndiye mkubwa. Hasemi kitu, kijiti chake na mkono wake ndivyo vinatoa maagizo. Msanii akitokea, gongi inakwambia mbele macho hayajamaliza kumtazama: jemadari, mfalme, mtu mzito anaingia kwa gongi kubwa, mwanamke, mchekeshaji, mtu wa mambo mepesi anaingia kwa gongi ndogo. Jemadari anakimbia jukwaani, mapigo yanafuatana mbiombio, kisha anasimama ghafula, anakaza macho, na gongi kubwa inalia pigo moja. Hapo ndipo watu wanapiga kelele ya furaha. Pigo likichelewa kidogo tu, jemadari anabaki pale sawa mtu aliyesahau alichokuja kufanya.

Wanafunzi hawaanzi kwa kushika chombo. Wanaanza kwa mdomo. Kila sauti iko na jina: cang ni gongi kubwa inapolia pamoja na wenzake, tai ni gongi ndogo, qi ni matoazi, da ni kijiti juu ya ngoma. Mtoto anakariri minyororo ya maneno haya miezi na miezi, mpaka ulimi wake hauwezi tena kukosea, ndipo mikono inafuata. Minyororo hii iko na majina, na mtu wa opera anaijua sawa mkristo anavyojua sala zake. Msanii anayecheza naye lazima aijue, kwa kuwa hatua zake zote zimefungwa ndani yake.

Kuna siri nyingine ndogo ndani ya magongi haya mawili. Kubwa, yenye upana wa karibu sentimita 30, ikipigwa inaanza juu kisha sauti inashuka. Ndogo, ya sentimita kama 22, ambayo inashikwa kwa vidole na kupigwa kwa kibao chembamba cha mti, inaanza chini kisha sauti inapanda. Mtaalamu wa fizikia wa Australia, Neville Fletcher, aliandika juu ya jambo hilo mwaka wa 1985. Sababu ni umbo la uso. Ile kubwa uso wake katikati uko bapa: ikipigwa kwa nguvu shaba inajivuta na kukaza, sauti inakuwa juu, kisha inashuka wakati mtetemo unapungua. Ile ndogo uso wake umebinuka kidogo: ikipigwa kwa nguvu ule mbinuko unalegea, sauti inakuwa chini, kisha inarudi juu. Wafundi hawakungoja fizikia. Walijua kwa nyundo na kwa sikio.

Uchina ni kubwa, na si kila mahali wanapiga namna moja. Watu wa Chaozhou, kusini, wako na makundi makubwa ya ngoma na gongi ambayo yanatembea barabarani siku za sikukuu. Watujia wa milima ya Hunan na Hubei wako na muziki wao wa shaba tupu, gongi na matoazi, ambao wanaupenda sana kwenye ndoa. Kuna pia yunluo, maana yake "gongi za mawingu": gongi ndogo, mara nyingi kumi, zimepangwa ndani ya fremu ya mti. Zote zinaweza kuwa na upana mmoja, lakini unene si mmoja, na kwa hiyo kila moja inatoa noti yake na mtu anaweza kupiga wimbo. Na kwenye mchezo wa simba wa mwaka mpya, ambao Wachina wanaucheza kila inchi wanayoishi, ngoma, gongi na matoazi ndiyo orkestra yote.

Nyundo ya mwisho

Gongi nzuri inatengenezwa kwa shaba nyekundu na etani, karibu sehemu nne za shaba kwa sehemu moja ya etani. Etani ni ile madini inayotoka katika kasiterite, jiwe ambalo watu wa Walikale na wa Maniema hawahitaji kuelezwa. Wachina wanauita mchanganyiko huu "shaba yenye kulia". Etani ni nyingi sana humo. Sanamu za kawaida za shaba zina karibu nusu yake tu. Faida ni sauti. Hasara ni kwamba madini hayo yakipoa polepole yanavunjika sawa kioo.

Wafundi walipata njia. Wanayeyusha, wanamimina mkate wa mviringo, kisha wanaurudisha motoni na kuupiga nyundo ukiwa mwekundu. Mmoja anaushika kwa koleo na kuugeuza, wengine wanapiga kwa zamu. Ukipoa kidogo unarudi motoni, kwa sababu nyundo moja juu ya shaba iliyopoa inaupasua. Sahani ikifika unene unaotakiwa na ukingo ukikunjwa, wanaipasha tena na kuizamisha ndani ya maji ghafula. Mhunzi wa panga atashangaa hapa. Chuma cha panga kikizamishwa ndani ya maji kinakuwa kigumu. Shaba hii yenye etani nyingi inafanya kinyume, inalegea kiasi cha kuweza kupigwa ikiwa baridi. Bila ujuzi huo, gongi hazingekuwako.

Miji miwili inajulikana zaidi kwa kazi hii: Wuhan, jimbo la Hubei, ambako karakana ya Gao Hongtai ilijenga jina lake tangu mwanzo wa karne ya 20, na wilaya ya Changzi katika jimbo la Shanxi, ambako kuna vijiji vya wafundi wa shaba. Siku hizi mashine zinafanya sehemu kubwa ya kupiga na kupanua sahani. Hakuna wa kuzililia: kazi ile ya moto na nyundo inavunja mgongo na inaharibu masikio, na masikio ndiyo fundi wa gongi anayahitaji kuliko mikono. Sehemu ambayo mashine haijaweza ni ya mwisho, pale gongi inapopewa sauti.

Wazungu waliipenda ile gongi kubwa ya Kichina isiyo na noti moja, yenye sauti inayofunguka polepole sawa ngurumo. Mtunzi Gossec aliitumia Paris kwa mazishi ya Mirabeau mwaka wa 1791, na tangu pale iko ndani ya orkestra kwa jina la tamtam, neno ambalo kwa Kifaransa linawachanganya watu wote na ngoma. Puccini, katika opera yake Turandot ya 1926, anamfanya kijana Calaf apige gongi mara tatu ili kutangaza kwamba yuko tayari kuhatarisha kichwa chake kwa kumwoa binti wa mfalme. Hadithi ni ya kubuni na Beijing yake ni ya kubuni, lakini jambo moja ni la kweli: ukishapiga gongi mbele ya watu, huwezi tena kusema hukusema.

Kwenye karakana, sahani inapokuwa tayari, fundi mkuu anaining'iniza, anaipiga, anasikiliza, anaipiga nyundo kidogo upande huu, kidogo upande ule. Mapigo mengi yanatayarisha tu. Kisha linakuja pigo moja, katikati au karibu na katikati, ambalo linaweka sauti mahali pake. Likiwa dogo, gongi inabaki bubu. Likizidi, sauti inaharibika na pengine shaba inapasuka, na kazi yote inarudi kwenye chungu cha kuyeyushia. Kutoka hapo Wachina walipata msemo wao: "nyundo moja inaweka sauti". Leo wanausema kwenye mikutano, juu ya yule mtu ambaye wengine wote wamekwisha kuongea na yeye peke yake bado anangojewa afungue kinywa.